Jina la Kuingilia Mfumoni Ni Saini ya Mtu

Mhadhara kwa watumishi wa umma, vyama vya ushirika, wakulima na vijana wa Nachingwea na Ruangwa



Jambo lililonileta huchukua nusu dakika. Mtumishi anaketi mbele ya kompyuta, anaandika jina lake, anaandika neno la siri, anabonyeza kitufe, mfumo unafunguka. Tunafanya hivyo asubuhi, tunarudia mchana, na kwa mazoea hatuangalii tena tunachokifanya. Naomba leo tukiangalie.

Hoja yangu ni moja, na naitaja mapema ili mpime kila nitakalosema kwa hoja hiyo. Jina unaloingilia kwenye mfumo ni saini yako, na saini ya mtu haiazimwi. Ikiazimwa, wa kwanza kuumia ni mtumishi mdogo aliyeitoa. Anayeumia zaidi ni mkulima, mgonjwa au mwanafunzi ambaye kumbukumbu zake zimo humo ndani.

Kompyuta moja, watumiaji wengi

Tuelewane kwanza kuhusu chombo chenyewe. Kompyuta iliyo juu ya meza ya mhasibu wa halmashauri haitunzi hesabu za halmashauri. Hesabu zimo kwenye seva iliyo mbali na hapa, na seva hiyo inawahudumia wahasibu wa Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Kigoma kwa wakati mmoja. Kilichopo mezani ni teminali, yaani kituo cha kuifikia mashine iliyo kwingine. Mashine ya POS anayozunguka nayo mkusanya ushuru ni teminali. ATM ya benki pale mjini ni teminali. Kishikwambi alichopewa mwalimu baada ya Sensa ya mwaka 2022, akifungulia mfumo wa utumishi, ni teminali. Hata simu ya kitochi ya mkulima, anapobonyeza nyota na tarakimu kuangalia salio lake, kwa dakika hiyo imekuwa teminali.

Mpango huu una historia. Katika miaka ya 1950 kompyuta ilijaza chumba kizima na ilifanya kazi ya mtu mmoja kwa wakati. Mtafiti alitoboa kadi, akazikabidhi kwa waendeshaji, akasubiri majibu kwa saa nyingi au hadi kesho yake. Akikosea alama moja, anarudi mwisho wa foleni. Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo walioupa jina CTSS. Kompyuta iligawa muda wake vipande vidogo sana, ikamhudumia huyu, ikahamia kwa yule, ikarudi kwa wa kwanza, kwa kasi iliyomfanya kila mmoja aone mashine yote ni yake. Teminali zao zilikuwa taipureta za umeme zilizounganishwa na kompyuta kwa waya.

Hapo likaja swali ambalo kabla yake halikuwa na uzito: aliye upande wa pili wa waya ni nani? Mashine haioni sura ya mtu. Na kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake na mgao wake wa muda. Ndipo kila mtu akapewa jina la kujitambulisha na neno la siri la kuthibitisha kwamba ni yeye.

Udhaifu wa utaratibu huo ulijitokeza upesi. Mwaka 1962 mtafiti kijana aitwaye Allan Scherr, ambaye mgao wake wa saa haukumtosha, aliiagiza mashine imchapie faili lote la maneno ya siri, ikamchapia. Akawa anatumia muda wa wenzake. Mwaka 1966 hitilafu ya programu ilichanganya mafaili mawili: ujumbe wa siku, ambao kila aliyeingia aliuona, na faili la maneno ya siri. Kila aliyeingia siku hiyo akachapiwa maneno ya siri ya watu wote. Kwa hiyo tangu utoto wake neno la siri limekuwa na maadui wawili: mtu mwenye haja, na mfumo unaolitunza ovyo.

Ndani ya nusu dakika

Adui wa pili wataalamu wamepambana naye vizuri. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa maabara za Bell walichapisha maelezo ya njia iliyotumika kwenye mfumo wa Unix, na misingi yake inaendelea kutumika. Mfumo uliotengenezwa vizuri hautunzi neno lako la siri. Unalipitisha kwenye hesabu ya njia moja: neno linaingia, linatoka fungu la herufi na tarakimu lisiloweza kurudishwa nyuma. Kinachotunzwa ni hilo fungu. Kesho ukiandika neno lako, hesabu inafanyika upya na mafungu mawili yanalinganishwa. Kabla ya hesabu huongezwa herufi za kubahatisha, tofauti kwa kila mtumiaji, ili watu wawili waliochagua neno moja wasifanane kwenye orodha.

Hapa pana funzo la kwenda nalo nyumbani. Afisa TEHAMA wa kweli hana haja ya kujua neno lako la siri. Ukilisahau, anaweza kukuwezesha kuweka jipya, lakini la zamani hawezi kulisoma. Mtu anayekupigia simu akisema, "Nitajie neno lako la siri nirekebishe akaunti yako," ni mwizi, hata kama anajua jina lako, cheo chako na namba yako ya utumishi.

Neno likikubaliwa, mambo matatu hutokea bila wewe kuyaona. Kwanza, mfumo unafungua kikao kwa jina lako. Tangu hapo hauulizi tena wewe ni nani, kila kinachobonyezwa kwenye teminali hiyo kimebonyezwa na wewe mpaka utakapotoka. Ukienda kunywa chai ukaacha skrini wazi, umemwachia jina lako yeyote atakayekalia kiti chako. Pili, mfumo unaangalia haki zako. Karani ana haki ya kuingiza, mhasibu ana haki ya kuandaa malipo, mkuu wake ana haki ya kuidhinisha. Haki hizi zimetenganishwa kwa makusudi, ili fedha isitoke kwa mkono wa mtu mmoja. Tatu, mfumo unaandika kwenye daftari la matukio: jina fulani, tarehe fulani, saa fulani, alifanya jambo fulani. Daftari hilo mkaguzi atalisoma miaka mitatu baadaye, wakati wewe umehamishiwa Tandahimba na hakuna anayekumbuka lolote.

Kutoka Hazina hadi ghalani

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Hazina, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mtumishi wa Nachingwea hakuwa na njia ya kuifikia. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na miongoni mwa sababu ni matatizo yaliyotokana na kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kabla ya kuwa na wataalamu wa kutosha. Katazo hilo likaja kulegezwa baadaye.

Sisi wa huku tulikwishaona mfano wa haraka ya namna hiyo mapema zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Yalikuja matrekta, ikajengwa reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, kwa sababu mitambo ilitangulia na kuijua ardhi, mvua na watu kukafuata nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Mashine ikitangulia maandalizi, hasara hubaki kwa wenyeji.

Leo mitambo iliyokuja ni ya aina nyingine. Mkongo wa baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, Mkongo wa Taifa ukasambazwa mikoani, na Sheria ya Serikali Mtandao ikatungwa mwaka 2019. Halmashauri inalipa kupitia MUSE, inanunua kupitia NeST, inakusanya mapato kupitia TAUSI. Vituo vya afya vina GoTHOMIS. Mtumishi anaomba likizo na uhamisho kwenye ESS, na kazi zake zinapimwa kwenye PEPMIS. Kila mfumo hapo una mlango, na kila mlango unauliza jina.

Lakini mfano mzito kuliko yote kwetu ni korosho. Msimu ukifunguliwa, mkulima wa Naipanga au Mbekenyera anapeleka korosho zake AMCOS, yaani chama chake cha msingi. Zinapangwa madaraja, zinapimwa, karani anaandika jina la mkulima, kilo na daraja. Mzigo unakwenda ghala kuu, mtunza ghala anauthibitisha, stakabadhi inatolewa. Msingi wa utaratibu huu ni Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na korosho ziliingizwa humo tangu msimu wa 2007/2008. Zamani wanunuzi walitumbukiza barua zao za bei kwenye sanduku, likafunguliwa mbele ya watu. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho ghafi zinauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, awe Mtwara, Dar es Salaam au nje ya nchi, anaweka bei. Wanachama wa RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wanakusanyika, wanasomewa bei, wanakubali au wanakataa.

Fuatilieni gunia moja katika safari hiyo. Karani ameandika, mtunza ghala amethibitisha, mnunuzi ameweka bei, mhasibu ameandaa malipo, kiongozi ameidhinisha. Fedha ya mkulima wa Naipanga inasimama juu ya majina hayo yote. Jina moja likiwa la uongo, hesabu yote inayolifuata inategemea bahati.

Na gharama ya kumbukumbu isiyoaminika tunaijua. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, timu za uhakiki zilipita vijijini zikiuliza: kilo hizi ni za nani, na shamba lake liko wapi? Walikuwa wanawatafuta kangomba, waliokusanya korosho za watu kwa bei ya kutupa na kuziuza kwa majina yao. Swali lilikuwa halali. Lakini mkulima wa kweli, mwenye mikorosho aliyoachiwa na baba yake, naye alisubiri foleni ya uhakiki huku ada za shule zikimsubiri yeye.

Neno la siri la ofisi nzima

Sasa nafika kwenye kinachoniuma. Katika ofisi nyingi za nchi hii, jina la kuingilia limekuwa mali ya ofisi. Mhasibu anakwenda likizo, neno lake la siri linabaki kwenye kikaratasi chini ya kibodi, na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anaendelea na kazi kwa jina la mhasibu. Mkuu wa idara mwenye haki ya kuidhinisha hapendi kushika kompyuta, kwa hiyo amempa karani neno lake. Karani anaandaa kwa jina lake, anatoka, anaingia kwa jina la mkuu, anaidhinisha kazi yake mwenyewe. Zahanatini, jina la muuguzi mmoja linatumika kwa zamu zote, na taarifa za mgonjwa zinasomwa na asiyehusika.

Kuna pia steshenari. Tarehe ya mwisho ya kujaza PEPMIS ikikaribia, mwalimu anayetoka kijiji kisicho na mtandao wa uhakika anampa kijana wa steshenari jina na neno lake la siri amjazie. Kijana anayetafuta kazi anafunguliwa akaunti ya maombi ya ajira kwa barua pepe ambayo si yake. Siku ya kuitwa kwenye usaili, ujumbe unakwenda kwa mtu mwingine. Wale vijana wa steshenari wengi wao ni waungwana na wanawasaidia watu kweli. Shida ni kwamba baada ya hapo mwenye jina hajui tena jina lake limelala wapi.

Najua wanaofanya haya wana sababu zao. Watumishi ni wachache. Akaunti mpya inaombwa leo na kufunguliwa baada ya wiki kadhaa, na kazi haingoji. Karani akiambiwa na mkubwa wake, "Nipe neno lako la siri, nina haraka," hana ubavu wa kukataa. Kwa hiyo siwalaumu walio chini kabla ya kuwageukia walio juu. Kiongozi asiyeombea watu wake akaunti kwa wakati, au anayemlazimisha mdogo wake kuazima jina, ndiye mwenye kosa la kwanza.

Hata hivyo, karani mwenzangu, angalia mwenyewe unachokiweka rehani. Chukulia kilo 300 za mkulima zimehamishiwa kwenye jina lisilojulikana. Mkaguzi anafungua daftari la matukio. Linasema: jina lako, Jumamosi, saa mbili usiku. Saa hiyo ulikuwa nyumbani unakula na wanao. Lakini neno lako la siri wanalo watu watatu, kila mmoja anasema si yeye, na maandishi yanasema ni wewe. Utajitetea kwa lipi? Daftari lile lile ambalo lingekuokoa kama neno lako lingekuwa lako peke yako, sasa linakushtaki. Wengi hudhani usiri wa neno la siri upo kumlinda mwajiri. Mimi nasema unamlinda kwanza mtumishi asiye na mtu wa kumtetea.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalifanya kosa la jinai kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Mkulima aliyetoa namba yake ya NIDA na akaunti yake ya benki kwa chama chake, na mama aliyeeleza ugonjwa wake kwa muuguzi, wote wana haki chini ya sheria hiyo.

Siku mfumo unapokuwa chini

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti au kubaki na intaneti dhaifu. Huku kwetu haihitajiki mikongo ikatike. Umeme ukikatika au mnara ukisumbua, karani anasema, "Mfumo uko chini," na watu wanaambiwa warudi kesho.

Siku kama hizo ndizo hatari kwa saini zetu. Kazi inaandikwa kwenye makaratasi, kisha mtandao ukirudi usiku anaingiza yeyote aliyepo kwa jina la yeyote aliyeacha neno lake. Mashine za POS nazo, zikikaa nje ya mtandao kwa muda mrefu, makusanyo hayaonekani makao makuu kwa wakati, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelitaja jambo hilo zaidi ya mara moja. Dawa yake inajulikana: fomu zenye namba za mfululizo, saini ya wino ya aliyepokea na ya aliyetoa, na kuingizwa mfumoni na mtu yuleyule aliyesaini fomu, mwenye mzigo akiwa na nakala yake mkononi. Karatasi na kompyuta zinapaswa kutaja jina moja.

Tufanye nini

Kwa wakurugenzi, wakuu wa idara na bodi za vyama: kila anayefanya kazi kwenye mfumo apewe jina lake kabla ya kupewa kazi. Anayekwenda likizo, nafasi yake ikaimiwe ndani ya mfumo, haki zihame na jina libaki. Anayehama au kustaafu, jina lake lifungwe siku hiyohiyo. Na msimwombe mtumishi neno lake la siri, hata kwa dakika moja.

Kwa watumishi: chagueni neno refu. Maneno manne yasiyohusiana, mkiyachanganya na ya Kimwera, Kimakua au Kiyao, ni magumu kubahatisha kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. La kazini lisiwe la benki, la benki lisiwe la barua pepe. Ukiinuka kwenye kiti, toka kwanza mfumoni. Ukiombwa neno lako, jibu kwa adabu: "Mkuu, naomba tukuombee la kwako."

Kwa vijana wa steshenari: mwenye akaunti akae yeye kwenye kibodi, wewe umwelekeze. Akifungua barua pepe, iwe ya kwake, na aondoke anaijua.

Kwa wazee wangu wakulima: namba ya siri ya simu na ya kadi ya benki asipewe wakala, wala karani, wala mjukuu. Siku ya kupima, msiondoke bila risiti yenye jina lenu, kilo na daraja, na jina la aliyewapokea. Msimu ukiisha, ombeni kwenye mkutano mkuu wa chama chenu msomewe kilo zilizoandikwa kwa jina la kila mwanachama, mzilinganishe na risiti zenu. Hiyo ni haki ya mwanachama, haihitaji kujua kompyuta.

Ndugu zangu, mifumo hii haitaondoka, na sipendi iondoke, maana imefupisha safari nyingi za watu wetu. Ombi langu kwenu ni dogo na liko ndani ya uwezo wa kila mmoja. Kesho asubuhi, kabla hujaanza kazi, badilisha neno lako la siri, na hilo jipya usimwambie mtu yeyote.